Kaburi la Vyura wa Kiziwa

Agatha alipokuja kuniomba picha ya baba yake nilikuwa napepeta mchele, na sikunyanyua kichwa. Alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa, kama mfiwa anavyoruhusiwa, akafunga vizuri kanga yake kiunoni.

"Dada Tina, watu wanasema wewe ndiye pekee mwenye picha ya mzee."

"Wanasema kweli."

"Kitambulisho cha taifa kadi haikutoka, alikuwa na namba tu. Kadi ya kura aliifua na suruali. Na unamjua mwenyewe, mtu akitoa simu anageuza uso. Msalaba utakwenda bila sura, dada."

Nikaendelea kupepeta. Baba yake Agatha ni Bonifasi, mjomba wangu, ndugu pekee wa kiume wa mama yangu. Amekufa kitandani, kafunikwa blanketi, kashikwa mkono. Siku hizi naona watu wakisimulia maisha yao wanaficha majina, eti ndugu mmoja, jirani fulani. Mimi nataja. Aliyenitoa shule nikiwa darasa la nne ni Bonifasi. Alama hii juu ya nyusi ni ya mpini wa Bonifasi. Na aliyefuta jina langu kwenye daftari la mahudhurio bila kuuliza nimekwenda wapi ni mwalimu Severini, ambaye kila Jumamosi alipata kabichi mbili kutoka kwa mtu huyohuyo. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea, mnivumilie. Nimeokoka mume mlevi, nimeokoka mlima ulioporomoka ukapita na jiko langu, na niko hapa napepeta mchele. Bonifasi ndiye anayetafutiwa picha.

Nikaweka ungo chini, nikaenda chumbani, nikashusha kopo la maziwa ya unga lililokaa juu ya kabati. Nilipolifungua ikatoka harufu ya moshi na ukungu wa karatasi, na chini yake, hata mkiniambia haiwezekani, harufu ya matope ya Kiziwa.

Kiziwa kilikuwa bwawa letu. Wenye magari wangepita wasilione, maana lilikuwa dogo, limejificha kwenye kibonde juu ya Mlali, pale mlima wa Uluguru unapoanza kunyanyuka kwa kweli. Upande mmoja matete, upande mwingine magimbi ya bibi yangu yenye majani mapana ya kujikinga mvua, na katikati maji meusi yaliyotulia. Wakati wa mvua vyura walikuwa wengi kuliko watu wa tarafa nzima. Walikuwepo wadogo wa kijani waliokaa juu ya majani wakilia kama mtu anayegonganisha vichupa, na wakubwa wa chini ya matete waliokoroma kama babu aliyeshiba. Na walikuwepo wale wa povu. Hao walipanda kwenye matawi yaliyoinamia maji, wakapiga povu jeupe kubwa kama ngumi ya mtu mzima, wakataga ndani yake. Povu lilining'inia juu ya maji siku kadhaa, likakauka nje kama ganda la mkate. Bibi aliniambia ni sabuni ya vyura, na mimi kwa miaka niliamini kwamba vyura wanafua.

Bibi ndiye aliyenilea, mama alikuwa bondeni kwenye kazi ya miwa. Na hapa niwaeleze wasio wa kwetu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Bibi ndiye aliyekuwa nayo, baada yake mama, baada ya mama mimi. Mjomba ni msimamizi tu, na watoto wake wanapata ardhi kwa mama yao. Hilo lilimkera sana Bonifasi. Alikuwa hodari wa kilimo, sikatai, na alipokuwa anapita Kiziwa nilimwona anasimama anayatazama yale maji kama mtu anayetazama nyama ya jirani. Maji hayakuwa na mwenyewe, bibi aliyalinda tu. Lakini Kiziwa kikikauka kingekuwa shamba jipya, na kwetu shamba jipya ni la aliyelifungua. Matope yale, kabichi zake zingekuwa kama vichwa vya ng'ombe.

Basi msimu mmoja wa mvua akaja Elisha. Alikuwa kijana mrefu wa chuo huko mjini, ana begi mgongoni lililofungwa nailoni tatu, viatu vimejaa udongo mwekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Unatafuta nini huku?"

"Vyura, bibi."

"Vyura? Wa mjini wamekwisha?"

"Wapo. Ila wenu wana povu, nimeambiwa."

"Unakula?"

"Hapana, bibi. Nawapiga picha."

Bibi akamtazama kuanzia viatu hadi kichwani. "Umesoma mpaka wapi, baba?"

"Chuo kikuu."

"Na bado," bibi akasema, akamwondolea kuku kwenye kile chumba cha pili ili apate pa kulala.

Siku zilizofuata ni kati ya siku nilizokuwa na raha kuliko zote maishani, na sioni aibu kusema hivyo. Elisha alinifundisha kazi kama vile mimi ni mtu. Asubuhi ukungu ukiwa bado haujapanda alitandika jani la mgomba kwenye matope, akalala kifudifudi, kamera mbele ya uso, akakaa hivyo mpaka siafu wakamfikiria ni gogo. Kazi yangu ilikuwa kushika kioo kidogo cha kunyolea na kurudisha jua kwenye tumbo la chura, pale chini ambapo jua halifiki. "Kushoto kidogo, Tina. Polepole. Hapo, usipumue." Nilijifunza kutembea kwenye maji bila kuyaamsha. Nilijifunza kutoacha kivuli changu kimwangukie mnyama. Na alinifundisha kulowesha viganja kabla ya kumshika chura, kwa sababu chura anavuta hewa kwa ngozi, na mkono mkavu wenye majivu ya jikoni ni sawa na kumziba mtu pua. Mpaka leo nikitaka kumshika mtoto mchanga nalowesha mikono kwanza. Wanangu wananicheka.

Alichokuwa anakisubiri ni povu. Alisema siku ikifika linalainika kwa chini, na viluwiluwi wanaanza kudondoka mmoja mmoja kwenye maji kama mvua ya mwisho kwenye paa. Alikuwa anaitaka picha hiyo kuliko chakula. Kila siku anagusa povu kwa kidole chenye maji: "Bado."

Ila mimi nilikuwa na siri moja iliyokuwa inanitafuna. Nyie wa rika langu mliokulia milimani mtanielewa. Nyumbani kwetu kulikuwa na picha mbili tu, ya babu na ya mama mkubwa. Wote marehemu. Picha zote mbili nilikuwa nimeziona zikitembea mbele ya jeneza, zimebanwa kwenye msalaba, mtoto amezishika kwa mikono miwili. Mtu aliye hai na picha yake, sikuwa nimewahi kumwona. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi: kwanza picha, halafu sanduku. Elisha anawaandaa vyura wa Kiziwa kufa, na mimi ndiye ninayemshikia kioo.

Ubaya ni kwamba vyura kweli walianza kupungua. Jioni tukiwa tumekaa jikoni, bibi akawa anainua kichwa. "Mbona kimya leo?" Vile vichupa vilikuwa vikigongana upande mmoja tu. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, yakaacha ukanda wa tope lililopasuka. Na mvua ilikuwa inanyesha.

Asubuhi moja nikaenda kuteka maji mapema. Nyuma ya matete, pale Kiziwa kinapomwaga maji yake kwenda korongoni, nikamkuta mjomba Bonifasi. Alikuwa ndani ya shimo refu jembamba lenye kina cha kiuno chake, anachimba.

"Shikamoo, mjomba."

Akashtuka mpaka jembe likaanguka. "Marahaba. Nani kakutuma huku?"

"Nateka maji. Mjomba, hilo ni kaburi?"

"Kaburi la nani?"

"La vyura. Si wamepigwa picha."

Halafu nikaona uso wake unalegea, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Ehee," akasema. "Ni kaburi la vyura. Na kaburi likichimbwa halisemwi kabla maiti hawajafika. Ukifungua mdomo, utatangulia kulala humu wewe."

Mkiuliza kwa nini nilimwamini, nilikuwa na miaka tisa, na yeye ndiye mjomba. Nikanyamaza siku nne.

Siku ya tano Elisha akagusa povu, akatabasamu. "Kesho kutwa, Tina." Furaha ikampanda, akarudi nyuma hatua tatu na kamera yake. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye tope, chura mdogo wa kijani kwenye kiganja. "Umenisaidia sana. Na wewe nikupige moja."

Nilitaka kukataa. Lakini mtoto wa kwetu hamkatalii mkubwa. Kamera ikalia. Chura akaruka, na mimi nikabaki nimesimama na mkono wazi, najua nimekwisha.

Jioni ile nikaanza kugawa mali. Mwanasesere wangu wa gunzi nilimpa mtoto wa jirani. Sahani yangu yenye maua nikaiweka kwenye vyombo vya bibi. Bibi akaniangalia naipanga. "Mbona unagawa vitu, unaolewa?" Nilikuwa namhurumia atakavyolia.

Jumapili baada ya misa Bonifasi akaitisha kikao cha ukoo uani kwetu. Walikuja wazee kama kumi, na mbele yao aliketi bibi Anzelina, dada mkubwa wa bibi yangu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele ambaye neno lake ndilo lililofunga kila kikao. Elisha akapewa gogo la kukalia peke yake.

Bonifasi akasimama. Alikuwa msemaji, hilo pia sikatai. "Wazee, mmeyaona maji. Mvua inanyesha, bwawa linakauka. Limeanza lini? Tangu mashine hii iingie. Jicho lote lile mnadhani linakula nini? Linavuta! Na nani kamkaribisha? Mama yangu mwenyewe. Kazeeka, hawezi tena kulinda. Mimi nasema mgeni aondoke leo, na Kiziwa kiwe chini yangu."

Wazee wakaguna. Elisha akajaribu kueleza habari za filamu na mwanga, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoonekana mwongo. Bibi yangu alikuwa kainamisha kichwa, mikono mapajani. Sikuwahi kumwona amekaa hivyo. Nilielewa jambo moja tu katika yote: wanamnyang'anya.

Nikasimama.

"Mimi nakufa hivi karibuni," nikasema, "kwa hiyo naomba kusema."

Watu wakacheka. Bibi Anzelina hakucheka. "Unakufa na nini, mjukuu wangu?"

"Nimepigwa picha. Kaburi limeshachimbwa, ni la vyura ila na mimi nitaingia. Mjomba Bonifasi ndiye anachimba."

"Anachimba wapi?"

"Kwenye mdomo wa Kiziwa, nyuma ya matete. Refu. Maji yanapita humo."

Kicheko kilikatika kama umezima redio. Bonifasi akasema mtoto ana homa, apelekwe ndani. Bibi Anzelina alikuwa amekwisha simama, anatafuta fimbo yake. "Twendeni tukaone kaburi," akasema. "Na mimi umri wangu umefika."

Tukateremka wote. Shimo langu lilikuwa pale, mfereji wa hatua arobaini, udongo wake bado unang'aa kwa jembe, na maji ya Kiziwa yanateremka ndani yake kimya kimya kwenda korongoni. Nakumbuka bibi yangu alishuka mpaka ukingoni, akachota udongo ule, akaunusa.

"Ni huyu mgeni kachimba!" Bonifasi akapiga kelele. "Analala hapahapa, anaamka alfajiri, mnajua anafanya nini?"

Elisha akanyoosha viganja vyake. "Kwa mikono hii?" Vilikuwa laini kama vya mtoto wa padri. Lakini Bonifasi alikuwa mjomba na yeye alikuwa mgeni, na neno la mtoto ni neno la mtoto. Bibi Anzelina akaamua kama alivyoweza. Mfereji uzibwe leo, na Bonifasi atangulie kushika jembe. Kiziwa kibaki kwa bibi. Mgeni aende zake, ili ukoo usigawanyike. "Aliyechimba tutamjua," akasema. "Udongo hauna haraka."

Elisha alifunga begi siku ileile. Povu lake lilikuwa limebakiza siku moja.

Mvua ikanyesha usiku kucha, mdomo wa Kiziwa umefungwa. Asubuhi maji yalikuwa yamerudi chini ya matawi. Bibi akanishika mkono tukaenda, na hatukuwa na kamera, tulikuwa na macho. Povu lilikuwa limelegea kwa chini kama alivyosema. Tukachuchumaa kwenye magimbi. Kikadondoka kiluwiluwi kimoja, ti, kikatikisa mkia, kikapotea. Halafu kingine. Halafu vikawa vinadondoka kama shanga zilizokatika uzi, na maji yote chini yake yanachezacheza. Juzi yake wangeangukia tope kavu. Bibi alicheka mpaka akafuta machozi. "Kumbe si sabuni," akasema. Naye alikuwa anaamini! Picha ile aliyoikosa Elisha ninayo mimi, na haijafifia hata kidogo.

Nilikuwa bado nasubiri kufa. Ilipita wiki moja, ikapita ya pili, nikaanza kuona napotezewa muda. Jumapili ya pili Elisha akarudi, kaja kumsalimia bibi na kuleta bahasha. Nilimvuta shati pembeni. "Kaka, nitakufa lini?"

Alipoelewa hakunicheka, Mungu ambariki popote alipo. Alitoa picha ya chura wa kijani mwenye doa jeusi juu ya jicho, tukatembea nayo mpaka kwenye magimbi, tukatafuta. Ilichukua muda. Tukampata kwenye jani, ana doa lake, anatutazama. "Huyu hapa," Elisha akasema akionyesha picha. "Na huyu hapa." Nilikaa chini kwenye matope nikalia, halafu nikaenda kudai sahani yangu.

Ndipo bibi akaiona ile picha yangu. Mimi mbele, nimekodoa macho kama mbuzi wa sikukuu, chura kiganjani. Na nyuma, pale matete yalipoachana, Bonifasi, kiuno ndani ya mfereji, jembe juu ya kichwa. Elisha mwenyewe hakuwa amemwona mpaka picha iliposafishwa. Bibi akampelekea dada yake. Bibi Anzelina akaitazama, akamwita Bonifasi, akampa mkononi. Bonifasi naye akaitazama, akaigeuza ikatazama chini, akaenda zake. Tangu siku hiyo hakuna aliyempiga picha tena.

Yaliyofuata nimeshayataja. Alisubiri mpaka bibi alipougua, akasema kwenye kikao kwamba mtoto mwenye macho makali kiasi kile hana haja ya shule, akanipa tenga la kabichi nilishushe Mlali kila gulio. Nilipokataa ndipo mpini. Miaka mingi nilidhani nimelipia ile Jumapili kwa bei kubwa mno. Siku nyingine bado nadhani hivyo. Lakini Kiziwa kipo. Kimepungua, mlima umekimwagia udongo, ila mvua ikishika vichupa vinagongana, na magimbi ninayokula ni ya pale, na hati ya kijiji ina jina langu.

Kwa hiyo Agatha akiwa bado kwenye kigoda nilifikiri: azikwe bila uso, ndivyo alivyotaka. Halafu nikafikiri tena, nikachukua kanga.

Tulikwenda mjini kwenye duka la stesheneri. Kijana akaiweka picha kwenye mashine, akamkuza mjomba mpaka akajaa kwenye kioo.

"Mama, hapa nitakata jembe. Linaharibu."

"Jembe liache."

"Na hiki cha pembeni?"

"Usiguse kitu, mwanangu. Toa hivyohivyo."

Agatha alimshukuru Mungu jinsi baba yake alivyokuwa na nguvu ujanani. Nami nikaitikia amina.

Kwenye mazishi picha ilitembea mbele, imebanwa kwenye msalaba, kubwa, jembe juu ya kichwa. Watu waliisogelea wakatikisa vichwa. "Alikuwa mchapakazi jamani." Padri naye hakuiacha. "Tazameni," akasema, "hata kamera ilimkuta kazini." Nilijifunika kanga usoni, mabega yanatikisika, na mama mmoja nyuma yangu akanisugua mgongo, "Pole, dada, mjomba ni mjomba."

Aliyebeba msalaba alikuwa mjukuu wa Agatha, mtoto wa miaka kama tisa, ana mikono imekakamaa kwa woga. Wakati udongo unarudishiwa akanivuta nguo.

"Bibi, hiki kijani hapa pembeni ni nini?"

Nikainama kuangalia. Pale ukingoni lilionekana dole gumba la mtoto, na juu yake mguu mmoja mwembamba, vidole vimetanuka, uko tayari kuruka.

"Mguu wa chura."

"Alikuwa wa babu?"

"Hapana," nikamwambia. "Alikuwa wangu."